Usilitupe, Limelala: Maua ya Matunguu Yanayochanua Kipupwe Kikiisha

FEBRUARI mwaka wa 2015 mnunuzi mmoja nchini Uingereza alilipa pauni 1,390, pesa ambazo wakati huo zilikaribia Sh200,000 za Kenya, akapewa tunguu moja la ua. Si gunia wala dazani. Moja, dogo kama punje nono ya kitunguu saumu. Mwaka wa 2022 bei hiyo iliachwa nyuma, tunguu jingine la jamii iyo hiyo liliponunuliwa kwa pauni 1,850.

Ua lenyewe wataalamu huliita Galanthus. Ni jeupe, limeinamisha kichwa kama mtoto aliyekemewa, na kimo chake ni cha kiganja tu. Hayo mawili yaliyouzwa kwa bei ya pikipiki na zaidi yalikuwa na rangi ya manjano mahali ambapo ndugu zao wana kijani. Hiyo ndiyo tofauti yote. Lakini mapenzi ya Wazungu kwa ua hilo hayakuanzia kwenye rangi. Yalianzia kwenye wakati linapochanua. Huchomoza baridi ikielekea ukingoni, theluji ingali chini na miti ingali vijiti vitupu, wakati bustani nzima yaonekana kama kaburi.

Msomaji wa Ayany au Kawangware atasema hayo ni mambo ya watu wenye pesa za kuchezea, nasi hatubishi. Hata hivyo, jambo wanalolilipia huko, yaani ua kutokea kwenye ardhi tupu msimu wa baridi unapokwisha, lipo hapa hapa Nairobi na halidai pauni hata moja. Tunayo maua ya tabia hiyo, ya asili yetu wenyewe. Tena katika viwanja vyetu yanazidi kuadimika mwaka hadi mwaka, na sababu kubwa ni kwamba yakilala watu hudhani yamekufa.

Kipupwe chetu na cha wenzetu

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na anayesema mji huu hauna baridi hajapata kuanika nguo mwezi wa Julai. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hushuka, manyunyu huanguka bila kuilowesha ardhi sawasawa, na usiku joto huteremka hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi. Septemba jua hufungua macho. Udongo hukauka na kupasuka, vumbi huingia hadi kabatini, kisha kuanzia katikati ya Oktoba mvua za vuli hubisha hodi.

Kwa mmea hiyo ni miezi ya njaa. Mingine huvumilia kwa kuangusha majani. Mimea ya matunguu ina werevu wake: hujifungia ardhini. Chakula kilichotengenezwa na majani wakati wa mvua huwekwa akiba katika tunguu, majani hunyauka, na mmea wote hupotea machoni. Ukilipasua tunguu kwa kisu utaona matabaka kama ya kitunguu cha mboga, na ndani kabisa, ikiwa limeshiba, utakuta kichuchu cha ua la msimu ujao kimekwisha kuumbika. Kinachosubiriwa ni ishara tu. Joto likipanda kidogo baada ya kipupwe na udongo ukapata unyevu wa kwanza, ua hutoka, mara nyingi kabla ya jani lolote.

Kwa kuwa sisi tuna misimu miwili ya ukavu, ule wa baridi katikati ya mwaka na ule wa joto kuanzia Januari, mmea mmoja waweza kuchanua Oktoba na mwenzake wa jirani akangoja hadi Machi au Aprili, masika yakianza. Usishangae wala usimshitaki aliyekupa.

Kila mwaka yuko mtu mwenye jamaa ng'ambo anayeletewa kipakiti chenye picha ya tulipu au dafodili. Hupanda kwa furaha, akamwagilia, akapata majani machache yenye utapiamlo, basi. Mkono wake hauna kosa. Tulipu ni lazima lipitishe kati ya majuma 12 na 16 katika baridi isiyozidi nyuzi tisa hivi ndipo ua lilegee na kurefuka. Kipupwe cha Nairobi hakifiki huko hata kikijitahidi. Wako wanaoyaweka matunguu hayo ndani ya friji miezi mitatu, na hufaulu, mradi humo hamna ndizi mbivu wala matofaa, kwa maana matunda yanayoiva hutoa hewa inayoua kichuchu cha ua tunguuni. Lakini ni nani Kibera mwenye friji isiyo na matunda, wala nyama, wala maziwa, na umeme usiokatika miezi mitatu? Tulipu litatoa ua mara moja, kisha utaanza kazi upya. Kwa maoni yetu ni gharama ya kutafuta ugeni mtupu, hali wenyeji wapo.

Nyinyoro

Kiswahili kina neno la kale kwa maua ya jamii hii, nalo ni nyinyoro. Waliotafsiri Biblia ya Muungano walilitumia katika Wimbo Ulio Bora. Mijini limekaribia kusahaulika. Kijana wa Nairobi husema lili, akamaliza.

Nyinyoro ya kutajwa kwanza ni ile ambayo wataalamu huiita Scadoxus multiflorus. Wauza miche wengi huijua kwa jina la Kiingereza lenye maana ya mpira wa moto, na jina hilo si la uongo. Ardhi ikiwa tupu, shina nene lenye madoadoa hutokeza kama kidole. Baada ya siku chache kichwa chake hufunguka na kuwa mpira mwekundu wenye vijiua hadi 200, kila kimoja na nyuzi zake ndefu, mpira mzima ukawa mpana kuliko sahani ya chai. Hudumu wiki moja au mbili. Kisha majani mapana hufuata, na mwishowe vijitunda vyekundu. Mmea huu ni wa Afrika, tangu Senegali hadi Somalia na kuteremka hadi kusini, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu huko Yemen pia umo. Hupenda kivuli cha miti. Jina Kibra lenyewe kwa Kinubi lina maana ya msitu. Wazee wa Kinubi waliokuwa askari wa jeshi la mkoloni walipopewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, walikuta miti, na chini ya miti ya namna hiyo ndipo ua hili hukaa.

Ndugu zake wa mbugani ni jamii ya Crinum. Hawa ni wa jua. Tunguu lao laweza kuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na ua ni tarumbeta jeupe lenye mstari mwekundu au wa waridi katikati ya kila petali, kama kitambaa cha nguo ya kulalia. Mmoja wao anaitwa Crinum kirkii, kwa heshima ya John Kirk, tabibu na mpenda mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Ni huyo huyo aliyemshikia Sultani Barghash kalamu hadi mkataba wa kufunga soko la watumwa ukatiwa sahihi mwaka wa 1873. Kumbe katikati ya siasa hizo alikuwa akikusanya mimea na kuipeleka bustani ya Kew, London.

Nchi kavu zaidi, mvua ya kwanza ikinyesha juu ya mchanga, hutokea Ammocharis tinneana, maua ya waridi yaliyojikusanya karibu na ardhi na majani yaliyolala chini kama mikanda. Jina hilo ni la Alexine Tinne, mwanamke Mholanzi aliyesafiri na mamake hadi mito ya Sudani katika miaka ya 1860, akarudi na mimea iliyochapishwa kitabuni mwaka wa 1867. Mamake alifia safarini, na yeye mwenyewe aliuawa jangwani Sahara mwaka wa 1869. Kumpata Ammocharis Nairobi ni kwa bahati, naye hufa upesi akinyweshwa kama sukumawiki.

Tusiisahau Gladiolus dalenii, ya rangi ya machungwa na manjano, ambayo huota kwenye nyasi za nyanda zetu za juu. Ile gladioli ndefu inayopamba harusi na mazishi, na ambayo wengi hudhani ni ya Ulaya, imetokana kwa sehemu kubwa na mzazi huyu wa Kiafrika. Alikwenda ng'ambo, akaozeshwa huko, na wajukuu wake twauziwa.

Yule ambaye karibu kila mtu amemwona, lakini si mwenyeji, ni Hippeastrum: tarumbeta nyekundu kubwa, mbili hadi nne juu ya shina tupu lililo wazi ndani kama mrija. Asili yake ni Amerika Kusini. Huchanua hasa Septemba na Oktoba, hazeeki upesi, na huzaa matunguu madogo pembeni bila kuombwa. Kwa anayeanza huyu ndiye mwalimu. Akikushinda huyu, usimtafute Ammocharis.

Karo tano zilizovunjika

Ayany ni mtaa wa nyumba zilizojengwa zikiwa na nafasi ya bustani. Leo nyumba nyingi zimeongezwa vyumba vya kupangisha, mbele na nyuma, hata kuta zimekaribia kugusana. Hakuna wa kumlaumu. Kodi ya vyumba viwili ndiyo karo ya mtoto. Ila kila msingi unapochimbwa, udongo huondoka na lori pamoja na vilivyomo.

Mwandishi wa makala haya alimtembelea mama mmoja mjane huko, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, ambaye alikuwa na nyinyoro chini ya mpera nyuma ya nyumba. Alizipewa na mama mkwe wake zamani, kutoka bomani kwao Nyanza. Mwezi wa Agosti fundi alikuja na vijana wake kuchimba msingi wa vyumba vitatu. Agosti, tukumbuke, hakuna jani hata moja juu ya ardhi.

"Mama, hapa hapana kitu, ni mchanga mtupu," fundi alimwambia. "Mpera tumekata, sasa tuanze."

"Hapo pana maua, baba. Yamelala. Nipe dakika kumi na jembe uma."

Fundi alicheka, lakini mama alikuwa amezizungushia karo tano zilizovunjika, akijua wazi siku kama hiyo yaja. Alichimba mbali na karo ili asiyakate matunguu, akayatoa na mizizi yake, jumla 19. Mengine yaliyokuwa nje ya alama, ambayo yeye mwenyewe hakujua yamesambaa hadi huko, yalionekana jioni juu ya lori la taka yamekatika vipande. Yale 19 aliyatia katika mikebe ya mafuta ya kupikia na beseni moja lililopasuka, akaweka ukutani upande wa asubuhi.

Mwaka huo halikutoka ua hata moja. Mpangaji mmoja alimshauri atumie mikebe ile kupandia dania. Mama hakumjibu vibaya. Alimwambia tu angoje. Matunguu yakihamishwa hununa. Mizizi yake ni minono na hudumu mwaka hadi mwaka, hivyo ikisumbuliwa mmea hushughulika kuirudisha kwanza, habari ya maua baadaye. Mwaka uliofuata yalichanua 11, na yule mpangaji aliomba apigwe picha nayo.

Kuyapanda yakakubali

Jambo la kwanza ni maji yasituame. Udongo mwekundu, kama wa Kawangware na upande wa Ngong Road, ni rafiki. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, inua tuta sentimita 20 hadi 30, au tumia chombo. Mchanganyiko unaofaa ni debe moja la udongo mwekundu, nusu debe la mchanga wa mto, na nusu debe la samadi ya zamani iliyooza hadi haina harufu. Samadi mbichi huchoma na huleta ukungu wa kuozesha. Chombo kiwe na matundu chini, na kisiwe kikubwa mno: nafasi ya vidole viwili kuzunguka tunguu yatosha. Mimea hii hupenda kubanwa. Ikiwa na uwanja mpana hutoa watoto na majani badala ya maua, kama wapangaji waliopata nyumba kubwa.

Kina hutofautiana. Scadoxus shingo yake iwe sawasawa na uso wa udongo. Crinum na Hippeastrum wapandwe shingo ikiwa nje, hasa huyu wa pili, ambaye hutaka hata mabega yake yaone jua. Scadoxus apewe kivuli chepesi, jua la asubuhi pekee. Jua la saa nane mchana hubabua majani yake. Crinum na Ammocharis ni wa kuchomwa kutwa.

Kisha suala la maji, ambalo ndilo linaloua maua mengi kuliko ukame. Majani yakianza kuwa ya manjano, punguza. Yakikauka, acha kabisa. Usimwagilie kwa huruma. Chombo kiondoe kwenye manyunyu, kikae chini ya paa Juni, Julai na Agosti. Ukitaka kuyatoa matunguu uyahifadhi nje ya udongo, tumia gunia la mkonge au karatasi mahali penye hewa. Nailoni huyafanya yatoke jasho yaoze, na hata hivyo mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Lakini Crinum usimng'oe. Yeye hulala palepale alipo.

Katikati ya Septemba, jua likirejea, lowesha mara moja vizuri hadi maji yatoke chini ya chombo, halafu ngoja. Hapo ndipo subira huwashinda wengi. Siku kumi zikipita bila dalili, bonyeza udongo kwa kidole usichimbue. Shina likionekana ndipo uanze kumwagilia kila udongo unapokauka juu.

Ua likinyauka, kata shina lake ikiwa hutaki mbegu, ila majani usiyaguse hadi yajikaushe yenyewe. Yako majirani wasiopenda kuona majani yaliyolegea, wakayafunga fundo au kuyafyeka ili pawe nadhifu. Hayo majani ndiyo yanayojaza ghala. Ukiyakata Desemba umelikata ua la Oktoba ijayo. Wakati huo wa majani, na si wakati wa usingizi, ndio wa kulisha: samadi kidogo juu, na majivu ya kuni au makaa kijiko kimoja au viwili. Mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia mahindi isitumike, itakupa majani ya kumfurahisha mbuzi.

Adui mkubwa wa Crinum ni kiwavi mwenye mistari ya weusi na manjano, mtoto wa nondo. Huja kundi zima, hula jani kutoka ndani, kisha huteremka hadi tunguuni, na huweza kumaliza mmea kwa siku chache. Mchunguze jioni na asubuhi mvua zikianza. Waokote kwa mkono uwatumbukize katika maji ya sabuni. Ukichelewa siku tatu utakuta uji.

Watoto nyumbani

Kuna jambo ambalo wauza miche hawalisemi, na ambalo kila mzazi apaswa kulijua kabla ya kununua. Karibu matunguu yote haya yana sumu. Scadoxus imetumiwa huko Afrika Magharibi kuwalevya samaki. Mtoto anayeona vijitunda vyekundu vilivyoiva hajui tofauti kati yake na fuu, na aliye na njaa aweza kudhani tunguu ni kitunguu. Kwa hiyo usiyapande karibu na bustani ya mboga, wala usiyahifadhi jikoni, hata kwa usiku mmoja.

Wa kuogopwa zaidi ni Gloriosa superba. Ni mzuri kupita kiasi: hutambaa kwa ncha za majani yake zinazojikunja kama vidole, na ua lake lina petali zilizopinduka juu kama ndimi za moto, nyekundu na manjano. Ni ua la taifa la Zimbabwe. Mwaka wa 1947 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipewa bizimu ya almasi yenye umbo la ua hilo, na ndiyo aliyovaa Februari 1952 aliposhuka kwenye ndege London akitoka Kenya, akiwa amekwisha kuwa Malkia. Nchini twaliona porini, vichakani na karibu na pwani. Lakini mmea mzima, hasa kiazi chake kilicho na umbo la pembe, una kolchisini. Dawa hiyo madaktari huitumia kwa jongo, kwa vidonge vya nusu miligramu hivi. Kiazi kimoja kina kiasi cha kuua mtu mzima. Dalili huchelewa saa kadhaa, zikaanza kwa kutapika na kuharisha, na mtu akadhani ni chakula kibovu. Hakuna dawa ya kuizima sumu hiyo iliyo mikononi mwa hospitali zetu. Mtoto akila sehemu yoyote, usingoje dalili wala usimtapishe mwenyewe. Kimbia hospitali, iwe Mbagathi au Kenyatta au iliyo karibu, na ubebe kipande cha mmea daktari akione.

Penye watoto wadogo shauri letu ni moja: Gloriosa aachwe. Nyinyoro zikae juu, mahali pasipofikiwa, na vijitunda vikatwe kabla havijawa vyekundu isipokuwa vile unavyotaka kwa mbegu. Ukishika matunguu osha mikono.

Wapi pa kuyapata

Si msituni. Msitu wa Ngong Road uko karibu, na Mbuga ya Nairobi iliyotengwa mwaka wa 1946 iko ng'ambo ya Lang'ata, nayo majira yakifika huchanua mbele ya macho ya kila mtu. Kuchimba mimea humo bila kibali ni kosa la jinai. Mbali na sheria, tunguu la Crinum lililofukuliwa kwa haraka mizizi ikakatwa mara nyingi huoza kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo mwizi hupoteza na mbuga hupoteza. Uturuki katika miaka ya 1980 ilichimbua mamilioni ya matunguu ya porini, Galanthus yakiwemo, yakauzwa Ulaya kwa bei ya karanga, hadi biashara yake ikabidi iwekewe udhibiti wa kimataifa. Hayo yanayouzwa leo kwa pauni elfu yalilimwa bustanini. Porini yanalindwa.

Njia ya heshima ni tatu. Ya kwanza ni watunza bustani. Wanaume kwa wanawake wengi wa Kawangware na Kibera hutembea kila asubuhi kwenda kutunza bustani za Lavington, Kilimani na Karen, na mashada ya matunguu huko hupunguzwa kila baada ya miaka michache, yanayozidi yakatupwa kwenye shimo la mboji. Mwulize jirani yako anayefanya kazi hiyo, naye amwombe ruhusa mwajiri wake. Ya pili ni wauza miche wa kando ya barabara. Mwambie akuonyeshe tunguu, si picha. Libonyeze. Lililo zima ni gumu na zito. Lenye shingo laini au harufu mbaya mwachie mwenyewe.

Ya tatu ni mbegu, na hapa ndipo anayependa kujua mambo atapata raha. Mbegu ya Crinum ni nono, ya kijani kibichi, kama kokoto laini. Haihitaji hata udongo: iweke juu ya meza nayo itatoa mzizi bila tone la maji. Ukiuona mzizi, ilaze juu ya udongo wenye unyevu, usiifukie. Ya Scadoxus iko ndani ya kijitunda chekundu. Ikamue, ioshe ute wote, uipande wiki hiyo hiyo kivulini, kwani ikikauka hufa. Kutoka mbegu hadi ua ni miaka mitatu, minne, hata mitano.

Ukiwa na mmea usioujua jina, Makavazi ya Kitaifa hapa Nairobi yana hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyoanzishwa Amani, Tanganyika, mwaka wa 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Sampuli zake ni za kutoka Afrika Mashariki yote. Peleka picha safi, au ua na jani lake moja ndani ya gazeti kuukuu. Tunguu liache lilipo. Ukiwa huko uliza pia kuhusu michoro ya maua aliyoichora Joy Adamson katika miaka ya 1940. Wengi humjua kwa simba wake Elsa, lakini alianza kwa kuchora mimea ya nchi hii, petali kwa petali.

Na kabla fundi hajafika na jembe lake, zunguka kiwanja chako wakati wa mvua, majani yakiwa juu, uweke alama penye kila tunguu. Kipande cha karo, kifuniko cha soda kilichopigiwa msumari, au kijiti cha mwanzi kilichotiwa rangi vyote vyafaa. Andika idadi kwenye kalenda ya jikoni, ukurasa wa Agosti.